Shimo la Rangi Nyekundu la Ihumwa

Kijijini walisema sitafika shule ya Tanga, nikafika. Walisema mtoto wa wachunga mbuzi hawezi kukaa darasa moja na watoto wa pwani. Nikarudi Ugogo na cheti chenye muhuri wa tai wa Wajerumani, cha kwanza kuonekana kijijini kwetu. Mjomba alikitazama, akanirudishia.

“Hiki hakikamwi maziwa. Mbuzi wangu utawalipa lini?”

Walikuwa kumi na mmoja, wa mjomba na majirani watatu, waliouzwa ili nisome. Kwetu mbuzi wa mkopo hurudi na mtoto wake. Na mjomba hakuweza kungoja: wakwe walitaka mahari ya mwanawe kabla ya mavuno, la sivyo binti angeolewa kwingine.

Nilipata ukarani kwa Mjerumani mmoja, msimamizi wa ghala la reli, Ihumwa. Ghala lenyewe lilikuwa shimo refu lililoezekwa mabati, giza tupu. Watu walisema humo binadamu huning'inizwa kichwa chini, damu ikakingwa. Walitembea kutoka Chemba kuja kulitazama kwa mbali.

Niliwaeleza, kama msomi, kwamba ni mapipa ya rangi nyekundu ya kupaka madaraja. Waliudhika, wakaenda zao. Hapo akili yangu ikaamka. Nilimwomba Mjerumani wangu ruhusa ya kuwaingiza Jumapili. Akacheka, akasema wasiguse rangi tu. Nikatangaza kiingilio cha hela mbili, zile sarafu ndogo za Wajerumani, kwa kila atakayeingia.

“Na kutoka je?” aliuliza mama mmoja wa Kibakwe.

“Kutoka ni bure, mama.”

“Basi shika nne, unitoe upesi.”

Walishuka wameshikana nguo. Niliwafungulia pipa, wakaiona rangi, wakainusa. Walipopanda juu hakuna aliyeitaja. Walicheka, wakapapasana shingo, wakasimuliana walivyoponea chupuchupu. Jumapili iliyofuata walileta shemeji zao.

Mjomba naye alikuja, akasimama mbali na mlango.

“Shikamoo, mjomba. Karibu ushuke, ni rangi tu.”

“Marahaba. Najua ni rangi. Nilipe mbuzi wangu kwanza, ndipo nishuke.”

Siku chache kabla ya mavuno niliswaga mbuzi kumi na mmoja na watoto wao, walionunuliwa kwa viingilio vya shimo, hadi zizini kwake, majirani wakiwa wamekwisha kuitwa. Mjomba aliwahesabu mara mbili, akampa kila jirani wa kwake, akaketi juu ya jiwe na kuvuta pumzi ndefu. Yangu ilikuwa ndefu zaidi. Binamu yangu alikuwa keshaanza kuchagua wanono wa mahari.