Utani Wangu Mbele ya Katibu

Mwenzangu alipotimuliwa kazi ya kufundisha washambuliaji kwenye timu moja kubwa ya Dar, alirudi hapa Mtama na begi moja, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Vijana niliowafundisha bure miaka yote walimzunguka yeye. Wazazi wao walimpelekea korosho. Mtu kafukuzwa kazi, anapokewa kama katoka Hija! Mimi sijawahi kufukuzwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniajiri.

Niseme haki, hakuringa. Aliomba ruhusa yangu kabla ya kukanyaga uwanja. Jioni ile mshambuliaji wangu niliyekwisha kumkatia tamaa alifunga mara tatu, kwa kuonyeshwa tu pa kuweka mguu wa kuegemea. Roho iliniuma.

Ijumaa, baada ya swala, akaja katibu wa timu moja ya bara, anatafuta kocha wa safu ya mbele. Aliambiwa nimecheza na huyu bwana tangu utotoni, basi akaniuliza habari zake, mwenyewe akiwa pale pale. Sasa, ukoo wake na wetu ni watani. Hata msibani tunatukanana na hakuna anayenuna. Nikasema, "Huyu? Huko Dar alikuwa mpanga koni tu. Wakaona hata koni zenyewe anazipanga kombo."

Watu walicheka. Yeye pia alicheka, maana mtani hakasiriki. Katibu hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaaga.

Nilijua alichoelewa. Ningeweza kumwita, sikumwita. Nilijiambia kosa ni la mgeni, hakujua kama sisi ni watani. Lakini kila nikijipima naona siku nyingine huwa namtania ili acheke yeye. Siku ile nilitaka katibu asikie.

Asubuhi nilimfuata katibu stendi, anasubiri basi.

"Jana nilikuwa namtania," nikasema. "Yule ni mtani wangu."

"Kwa hiyo kazi anaijua?"

"Anaijua. Kuliko mimi."

"Kumbe na wewe ni kocha?"

Nikasema ndiyo, wa vijana wa hapa hapa. Hakuuliza zaidi. Alitoa simu, akampigia mwenzangu mbele yangu, wakapanga siku ya kuripoti. Nilibaki nimesimama mpaka alipokata, nikidhani labda atanitaja.