Neema na Kadi ya Sura Tano

Chekeni mnavyotaka, lakini aibu ya siku ile haijaniisha mpaka leo, na mwenye makosa ni mimi, siyo daktari wala mtoto.

Neema, binti yangu wa miaka sita, alikuwa na jino bovu, wiki nzima hawezi kula vizuri, ndipo tukapanda basi kutoka Kasansa mpaka Mpanda kwa daktari wa meno. Tukiwa kwenye benchi, mama mmoja wa Kawajense akanieleza kwamba daktari huyu ana kadi yenye sura tano, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia, na mtoto akigusa inayolia hang'olewi siku hiyo, anapewa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi wiki ijayo azoeshwe kwanza. Arudi! Na mpunga wangu umeiva, ndege wanajilia tu! Nikamvuta Neema pembeni nikamnong'oneza, "Ukiulizwa, gusa inayocheka. Ukigusa nyingine nakuacha hapa hapa."

Tukaingia. Daktari, dada mmoja mpole, akachuchumaa na kadi yake. "Neema, leo moyo wako uko kama nani hapa?" Mtoto akaniangalia mimi kwanza, akagusa inayocheka, huku mkono wa pili umekamata gauni mpaka vidole vimekakamaa. Daktari akaviona vile vidole. "Kweli, Neema?" Na mimi na kiherehere changu nikadakia, "Huyu hana woga, daktari, kwetu watoto hawalii!"

"Baba, nimemuuliza mtoto."

"Na mimi ndiye baba yake."

Daktari akasema basi tujaribu taratibu. Neema kuiona tu sindano ya ganzi, akamng'ata daktari kidole, akapiga teke sinia la vyuma, akatoka mbio hadi kwenye mabenchi analia, "Baba kasema nidanganye! Kasema ataniacha!" Watu wamejaa, na kati yao katekista wetu, shavu limevimba (yule yule anayeniona siti ya mbele kanisani kila Jumapili). Nikamkimbilia mtoto, nikateleza kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, nikaanguka chali miguuni pa katekista. Walicheka wote, hata yeye na shavu lake.

Neema alijificha nyuma ya yule mama wa Kawajense, mtu asiyemjua. Daktari akaja, kidole kimefungwa bandeji, akachuchumaa tena na kadi, na safari hii mtoto akagusa inayolia. "Asante kwa kuniambia ukweli," daktari akamwambia. Akampa dawa ya maumivu, akasema arudi wiki ijayo.

Wiki iliyofuata jino lilitoka vizuri, mimi nikiwa nje, maana Neema mwenyewe ndiye aliyeomba nisiingie.

Nimeapa sitamjibia tena mtoto yaliyo moyoni mwake, ila naona nimechelewa. Juzi alikanyaga mwiba shambani, damu inatoka, nikamuuliza, "Inauma, mama?" Akaniangalia usoni kwanza, kisha akatabasamu.