Mikono Inayojua Panapouma

Nakumbuka jioni moja ya msimu wa kahawa, mwanangu, na leo naikumbuka nikiwa na hasira. Kwa hiyo usitarajie sauti ya upole. Jana ulinionyesha video kwenye simu yako huku ukicheka. Wewe na mwenzako Tuntufye mko katika zoezi la kung fu liitwalo mikono ya kunata; unahisi kifundo cha mkono wake kinalegea, unakipinda, anapiga yowe. Wenzako wameandika chini yake, "Noma sana!" Mimi sikucheka. Tuntufye amerudi kwao Isansa mkono ukiwa umefungwa bandeji, na kahawa ya mama yake imeiva mitini.

Nilipokuwa na umri wako, nikiwa likizo ya chuo, nilijifunza kung fu hapa Tunduma ndani ya ghala la mahindi. Mwalimu wetu alikuwa Mama Atupele, mfanyabiashara wa maharage aliyejifunza mchezo huo Lusaka akiwa msichana. Alitusimamisha wawili wawili, karibu kiasi cha kusikia pumzi ya mwenzako, mikono ikigusana na kuzunguka bila kuachana. Katika mapigano ya karibu, alisema, jicho huchelewa na ngozi hutangulia. Ukizoea, unajua mwenzako anataka kusukuma kabla hajasukuma. Unajua pia anapoumwa.

Jioni hiyo mimi ndiye niliyekuwa naumwa. Kifundo changu cha mkono kilikuwa kimeteguka nikipakia magunia, nami nikanyamaza nisije nikaitwa legelege. Mwashiuya, jitu la miraba minne kutoka Mkwajuni, alikigundua mara moja. Akatabasamu, akakipinda hadi nikapiga magoti.

"Msomi chini!" akatangaza. "Kumbe shahada haizuii mkono?"

Ghala zima likaangua kicheko. Mama Atupele hakucheka. Alimwita Mwashiuya, akafumba macho, akaigusanisha mikono yake na ya kijana yule, ikaanza kuzunguka. Hakumpiga. Alisukuma taratibu kuelekea upande mmoja, na lile jitu likaanza kuyumba, jasho likilitoka, goti la kushoto likitetemeka. Hapo akaacha.

"Goti hili liliumia zamani," alisema. "Nimelijua tangu siku ya kwanza uliponipa mikono. Nimewahi kukuangusha kwalo?"

"Hapana, Mama."

"Nyote humu mmenipa mikono yenu. Najua kila mmoja anaumwa wapi. Ningekuwa kama wewe, nani angekuwa bado anatembea?"

Kisha akanigeukia. "Na wewe, kijana wa Iyula, ukiumwa, sema! Kilichokufunga mdomo ni nini?" Akamrudia Mwashiuya. "Huyu alikuwa aende kwao kuchuma kahawa. Utachuma wewe."

Alichuma. Siku ya kwanza alinuna kutwa nzima. Baadaye mama yangu akawa anamwita "mkwe" ili kumkera tu, naye akawa anaitika.

Sasa nikuambie kinachonichoma. Tuntufye alikukabidhi mikono yake akiamini kwamba mnafundishana. Imani hiyo ndiyo uliyoipinda, ukaiita ushindi, ukaitangaza. Mwalimu wako, aliyesimama pembeni akiwarekodi, anastahili hasira yangu kuliko wewe, naye nitamfuata mwenyewe. Usinieleze kwamba mchezo ni mchezo. Mchezo huu ulibuniwa ili mtu amsikie mwenzake. Anayemsikia kisha akamvunja ni mbaya kuliko asiyesikia chochote.

Basi shika haya. Futa video ile leo. Kesho asubuhi panda gari uende Isansa. Msalimie mama yake Tuntufye kwanza, umweleze ulichofanya, na usithubutu kusema ilikuwa bahati mbaya. Kisha omba ndoo uchume kahawa yake, iliyoiva tu, mpaka mkono wa mwanawe upone. Na siku utakaporudi kwenye zoezi, ukikuta mahali panapouma, punguza nguvu hapo hapo, uendelee kuzungusha mikono kana kwamba hukugundua kitu, kisha umuulize mwenzako mkiwa wawili.

Mungu akupe mikono myepesi kusikia na mizito kuumiza. Na siku utakayoumwa wewe, mikono yako ikiwa juu ya mikono ya mwingine, akukutanishe na mtu atakayejua, na kuacha.