Chipu Zilizofuatana Ziwa

Cherehani ya dada yangu ilizima katikati ya kushona sare za kina mama wa kanisani kwake, Missouri City. Ni ya zamani, ya umeme, inadarizi maua yenyewe. Dada hakupandisha sauti. "Ikifa hii, narudi kufua mashuka hotelini. Msimamizi anataka jibu Jumapili."

Mimi ni mtu wa ghala. Ufundi nimeuokota huku na huku. Lakini nikaipakia kwenye gari, nikarudi nayo Mansfield ninakoishi.

Ndani nilikuta chipu moja ya miguu arobaini imepasuka. Imeandikwa 8049. Nikasoma kwamba ina ndugu zake, 8048, 8035 na 8039, umbo moja, miguu sawasawa. Nami nikawaza kama tulivyolelewa: nguo ya mkubwa huvaliwa na aliyemfuata ziwa. Nikaenda Cedar Hill kwa Mkenya mmoja anayeuza vipuri vya zamani gereji kwake, nikanunua 8048.

Mshono wa kawaida ulikwenda safi. Nilipochagua ua, sindano ikashona petali mbili, kisha ikapiga papo hapo mpaka kitambaa kikatoboka.

Nikarudi kwa Mkenya.

"Buda, hiyo kumbukumbu yake ya kazi ni nusu ya ile yako iliyopasuka," akasema. "Mshono wa kawaida unatoshea. Ua linamwagika. Chukua 8039."

"Hiyo si nimesoma haina programu ndani?"

"Haina kitu."

"Sasa itajuaje kushona?"

Akacheka. "Fungua tena uangalie bodi. Kando yake kuna chipu ingine iko na kidirisha cha kioo? Programu iko huko. Kuna mguu mmoja ukipewa umeme, chipu inaacha kusoma ya kwake, inasoma ya jirani."

"Kwa hiyo ile iliyopasuka ilibeba programu isiyosomwa?"

"Pengine. Lakini usiniweke shahidi, nakisia tu."

Haki yake niiseme: siku ya kwanza aliniuliza ni ya kazi gani, nikamjibu "yoyote ya ukoo ule." Hakunidanganya.

Kidirisha kilikuwepo. Nikaweka 8039, ua likatoka zima. Nilipaswa kufurahi, ila nikazidi kuchanganyikiwa. Yenye programu imeshindwa, tupu imeweza. Nikajaribu kujieleza: kuna programu ya ndani, na kuna kumbukumbu ya kazi, na mimi nilivipika chungu kimoja. Basi 8035, niliyosoma ni tupu na pia ina nusu ya kumbukumbu, ingeshindwa vilevile? Nadhani. Nikilala nalielewa, nikiamka limepotea.

Nikairudisha Missouri City, na Jumapili baada ya misa dada akashona ua, akashona la pili, akakata uzi kwa meno.

"Imepona?"

"Leo inashona, dada."

"Sikuulizi leo. Nimkatalie yule wa hoteli, au nisimkatalie?"

Nikaanza kumweleza habari ya jirani mwenye kidirisha. Akanikata. "Hayo ya ukoo wao waachie wenyewe. Wewe ndiye fundi."

"Siwezi kukuapia. Kwa nini imepona sina uhakika, na chipu zenyewe za zamani. Jibu langu ndilo hilo, si ndiyo wala si hapana."

Akavuta simu, akamwandikia msimamizi: ataenda siku za Jumamosi tu. Akaiweka chini, akavuta kitambaa kingine.

"Shika huku," akasema, "nyoosha pindo."