Siku Kumi za Kulala Chali

Mzee Tulia mwenyewe hajawahi kutulia. Ni kiguu na njia tangu ujana. Jina hilo alipewa katika hospitali ya macho, alikokuwa mhudumu wa wodi kwa miaka thelathini na mmoja. Enzi zile mtu akitolewa mtoto wa jicho, kidonda hakikushonwa. Alilazwa chali siku kumi, kichwa katikati ya mifuko miwili ya mchanga, na kazi ya mzee ilikuwa kuzunguka vitandani akisema, "Tulia." Usikohoe, usipige chafya, usicheke. Wakubwa wenye vyeo vyao aliwalisha uji kwa kijiko, na hakuna aliyembishia.

Mmoja tu ndiye aliyecheka, fundi cherehani, na aliyemchekesha alikuwa mzee mwenyewe, wakati huo kijana asiyejua kuuzuia mdomo wake. Kidonda kikafunguka palepale. Jicho halikupona, na mzee hakutania mtu tena.

Sasa zamu ilikuwa ya mkewe. Jicho la kushoto lilishakufa kwa presha ya macho, na la kulia lilikuwa na mwaka wa nne halioni ila ukungu. Daktari, binti wa rika la mjukuu wao, alilipasua kwa robo saa, akalifunika.

"Bibi, nenda nyumbani. Kesho tunafungua."

"Baada ya siku kumi," mzee akamsahihisha.

"Kesho, babu."

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alipofika nyumbani mzee alijaza mchanga foronya mbili, akazibananisha na kichwa cha mkewe, kisha akaanza doria: mlangoni, dirishani, kitandani. Akazima redio. Jirani aliyekuja kutoa pole akamrudisha getini, kwa kuwa ana masihara.

"Tulia, mama."

"Nimetulia. Wewe ndiye unayenizungusha kichwa."

"Usizungumze."

"Nimetolewa mtoto wa jicho, sikutolewa ulimi."

Kicheko kilimpanda mzee kooni, akakimeza kwa hofu. Alasiri mkewe akapiga chafya. Mara tatu, za nguvu, na foronya moja ikaanguka ikapasuka. Mzee akaketi palepale sakafuni, juu ya mchanga.

Kesho yake walikuwa wa kwanza kwenye benchi la kliniki.

"Alipiga chafya," mzee akaungama kabla hata ya salamu. "Kosa ni langu."

Daktari alifungua bandeji, akamulika, akatabasamu. "Kidonda ni kidogo kuliko punje ya mchele, babu, kinajifunga chenyewe. Hata angepiga chafya mia."

Mzee alifurahi, na papo hapo akaona uchungu. Alimkumbuka fundi cherehani, ambaye kosa lake lilikuwa kuugua mapema mno. Alitamani kumwomba radhi, lakini fundi alishafariki, na marehemu haombwi.

Alipogeuka, mkewe alikuwa anamtazama usoni, kwa kituo.

"Miaka minne nasikia sauti yako tu," akasema. "Usiguse hiki, usiende kule. Nikajua umenichoka." Akamshika shavu. "Kumbe ulikuwa unaogopa."