Namba Nne na Wakio wa Mbololo

Juzi ulinung'unika, mwanangu, kwamba huko hospitalini watu wa chumba cha rekodi wanakusumbua na namba za majeraha: ya kukatwa ina yake, ya kuungua ina yake, mguu wa kulia na wa kushoto kila mmoja na wake. Ukasema kidonda ni kidonda. Nilinyamaza kwa sababu chai ilikuwa imeletwa, lakini neno hilo limenikaa. Nililisema na mimi nikiwa na umri wako, na nusura limuue mtu.

Ilikuwa Voi, miaka ya hamsini, nami ni dresa kijana katika dispensari ndogo karibu na reli. Kaptula yangu niliipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Kazi ilikuwa kuosha vidonda, kuvifunga, na kuviandika kwenye rejista: jina, anakotoka, kiungo, na namba ya chanzo. Moja ilikuwa panga, mbili moto, tatu kuumwa na mnyama, nne mwiba wa mkonge. Wagonjwa wetu wengi walitoka mashamba ya mkonge, kwa hiyo nne ilijaza kurasa nzima. Ikifika saa tisa mkono wangu ulikuwa unaiandika hata kabla mgonjwa hajakaa.

Jumamosi moja mama mmoja alinijia nikiwa nafunga dirisha. Tulikuwa na mechi na vijana wa reli, na mimi ndiye golikipa. Alikuwa na matundu manne madogo kwenye shavu la mguu, na leso yake imechanika pindoni. Alisema kitu, nikamsikia nusunusu. Nikaosha, nikafunga, nikaandika: Wakio, Mbololo, mguu, 4. Kisha nikakimbilia uwanjani, na tukafungwa mabao matatu.

Siku tisa baadaye Mzee Mwadime, dresa mkuu wetu, aliingia na barua ya daktari wa wilaya. Kuna mbwa wa kuzurura alikuwa ameuawa karibu na stesheni, kichwa chake kikapelekwa Nairobi kupimwa, na sasa jibu lilikuwa limerudi: kichaa. Kila aliyeumwa na mbwa siku zile aletwe achomwe sindano kabla ugonjwa haujapanda kichwani, maana ukishapanda hakuna dawa.

Mzee alifungua rejista yangu akapitisha kidole kwenye safu ya namba. Alikuta namba tatu mara mbili tu, wanaume wawili wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na wote tuliwajua.

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna," nikasema.

Nilidhani nasema kweli. Halafu nikaiona ile leso. Mwiba wa mkonge hauchani leso hivyo, wala hauachi matundu mawili huku na mawili kule. Mzee alikuwa tayari anamwandikia daktari jibu. Nikinyamaza, nani angejua? Rejista ilikuwa inanitetea, tena kwa mwandiko mzuri. Nakwambia wazi, mwanangu, nilinyamaza mpaka alipoanza kuikunja ile karatasi. Naona haya hadi leo.

"Mzee, yuko mmoja. Nilimwandika mkonge."

Hakunipigia kelele, na ningefurahi kama angenipigia. Nilipoanza kuomba radhi alinikatiza. "Usiniombe radhi mimi. Mimi sikuumwa. Huyo mtu ni nani, na yuko wapi?"

Nikamsomea: Wakio, Mbololo. Mzee akavua miwani. Jina hilo limejaa Mbololo nzima. Wewe mwenyewe hesabu una shangazi wangapi wanaoitwa Wakio. Jina la baba sikuandika, la kijiji sikuandika.

Nilipewa baiskeli ya dispensari. Niliiendesha mpaka chini ya mlima wa Mbololo, kisha nikaisukuma, jua la saa sita kichwani. Wakio wa kwanza alikuwa bikizee asiyetoka nyumbani. Wa pili mguu wake haukuwa na alama. Wa tatu alikuwa amezikwa juzi, nikauliza mara mbili alikufa na nini, wakaniambia aliugua kifua mwaka mzima. Kila nyumba niliuliza kama huyo Wakio anakunywa maji vizuri, kwa kuwa mwenye kichaa kile huyaogopa maji. Watu walinitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

Wa nne naye hakuwa yeye. Wa tano nilimkuta akipalilia maharagwe. Leso ilikuwa ileile, imeshonwa pindoni. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri, hakina kasoro. Nilipomweleza kilichonileta, aliweka jembe chini polepole.

"Mimi nilikuambia ni mbwa," alisema. "Nikakuona unaandika."

Hakujua kusoma, mwanangu. Alipoona kalamu inatembea alijua neno lake limefika, akarudi nyumbani ametulia.

Tulishuka naye kabla jua halijatua. Alichomwa sindano kumi na nne za tumboni, moja kila siku, na mimi ndiye niliyezichoma. Kila asubuhi nilimpa kwanza kikombe cha maji, nikasimama kumtazama koo. Siku ya sita alikasirika. "Hata leo unataka kuona nikimeza?" Nilitaka. Baada ya hapo kwa miezi mingi, nikikutana naye sokoni, nilimtazama koo kabla ya kumsalimu.

Aliishi, akazeeka. Kila nilipopita kwake alileta maji, akanywa yeye kwanza huku akinitazama, ndipo akanipa mimi.

Basi nakuomba, mwanangu, umwache mgonjwa amalize kusema, hata akiwa wa mwisho na wenzako wameshashika njia. Andika alichokuambia yeye, si kile mkono wako ulichozoea. Usipojua chanzo, andika kwamba hujui, kisha uulize. Jina la baba liandike, na kijiji pia. Ukikosea, sema karatasi ikiwa bado haijakunjwa, usichelewe kama mimi. Mungu akupe subira ya saa tisa alasiri, auongoze mkono wako, na kila anayekuona unaandika arudi kwao salama.