Wali wa Bi Kuluthumu hautiwi chumvi

Saa tano asubuhi, moshi wa kuni umeshatanda uani kwa Mwanalima, mtaa wa wavuvi mjini Kismayo. Anapalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria kubwa ya wali, huku papa mkavu akitokota kwenye tui. Pembeni iko sufuria ndogo. Hiyo si ya kuuza.

Wateja wake ni wavuvi na wachukuzi wa samaki, watu wasiojua kusubiri. "Dada, leo tutakula makaa?" anatania Mahmoud, nahodha wa mashua ya injini. Mwanalima anamcheka na kumwambia njaa haijawahi kumuua mlafi.

Sufuria ndogo ni ya mama yake, Bi Kuluthumu, anayekaa juu ya kigoda karibu na jiko akilinda kila kinachotiwa ndani.

Mwanalima alizaliwa kisiwani Koyama. Vita vya 1991 viliwatoa huko yeye na wazazi wake akiwa mtoto, na nguo zao za mwilini tu. Wakaishi kambini nchini Kenya, kisha Mombasa. Mwaka juzi walianza safari ya kurudi, ikaishia hapa Kismayo, kwa kuwa mama aliugua na akili yake ikaanza kusahau.

Kisimani kwao Koyama maji yalikuwa na chumvichumvi, kwa hiyo wali haukutiwa chumvi.

"Kambini mama alipika vivyo hivyo kwa mazoea," anasimulia Mwanalima. "Wali ukawa chapwa, majirani wakatucheka. Akajifunza kutia chumvi. Sasa amesahau alichojifunza."

Mwaka huu mambo yalizidi. Akiona chumvi inatiwa, mama hugomba kwamba wali umeharibiwa. Isipotiwa, huonja na kusukuma sahani. Akakonda hadi akawa wa kushikwa mkono kwenda msalani. Inauma kumpikia mama kila siku na kumwona anakufa njaa.

Ndipo Mwanalima akamwomba Mahmoud amletee dumu la maji ya bahari, yatekwe mbali na bandari. Kila asubuhi, kabla mama hajatoka chumbani, humimina kata moja kwenye ndoo ya maji ya kupikia.

Siku ya kwanza Bi Kuluthumu alionja, akaonja tena. "Haya mai ya kisimani kwechu," alisema kwa lahaja ya kisiwani. Akala mpaka akakwangua sahani.

Tangu hapo anakula. Leo pia anakula mbele yetu, taratibu, uso umekunjuka. Kisha anamwambia bintiye, "Mpakulie babako, atarudi na njaa."

Baba huyo, Mzee Fuadi, alizikwa Mombasa. Mwanalima anachukua sahani, anapakua.

Mwezi uliopita Mahmoud alijitolea kuwavusha hadi Koyama. Mwanalima akafunga mizigo kwa furaha, akamwambia mama kwamba wanakwenda kwao.

"Wachu wamekuja kuchutoa tena?" aliuliza Bi Kuluthumu. "Mi niko kwangu. Mchu hutolewa kwake mara ngapi?"

Alilia mchana kutwa. Jioni Mwanalima alifungua mizigo, na mashua ikaenda bila wao.

Akieleza hayo, Mwanalima analia wazi, mwiko mkononi. Tunamuuliza sasa anatumaini nini.

"Nilitaka nimrudishe kwao kabla hajafa," anasema. "Sasa namwomba Mungu mama asije akajua kuwa hajarudi."